Ndugu wa kuchangia mama

Mpwa wangu na mama yake ni mtu na kivuli chake. Paji la uso ni lile lile, mwanya wa meno ya juu ni ule ule, hata kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kuanza kusema amekirithi. Akipita sokoni Mtwara, watu wasiomjua humwita, "Wewe mtoto wa Mwalimu, hujambo?" Kwa hiyo mwaka 2018, Dada alipoambiwa kwamba figo zake zote mbili zimechoka, na kwamba njia ya kuachana na mashine ya kusafisha damu ni kupata mtu wa kumpa figo moja, hatukuwa na mjadala mrefu. Kijana alisimama palepale akasema, "Ni mimi." Wote tukaona limekwisha. Nani amfae mama kuliko mtoto aliyemzaa mwenyewe, tena waliofanana hivyo?

Ikatokea kwamba figo yake yeye huenda isingemaliza hata siku moja ndani ya mwili wa mama yake.

Nimekaa na jambo hili kwa miaka. Nimeamua kuliandika kwa sababu huku Kusini naona familia nyingine zinaingia njia hiyo hiyo zikiwa na fikra zile zile tulizokuwa nazo sisi, na kwa sababu kuna mahali nilikosea mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Presha ilimwanza katika mimba ya pili. Tuliichukulia kama mambo ya wajawazito, itaondoka na uzazi. Haikuondoka. Alikuwa akimeza dawa anapoumwa kichwa na kuziacha anapojisikia nafuu, na mimi mdogo wake nilimwona akifanya hivyo nisiseme neno, maana hata mimi nilidhani ndivyo dawa za presha zinavyotumika. Figo haina kelele. Inakufa kimya kimya hadi siku miguu inavimba, chakula kinakuwa na ladha ya chuma, na ngazi tatu za kuingia darasani zinakuwa mlima. Alipopimwa kreatinini, taka ya damu ambayo figo huiondoa, daktari hakumrudisha nyumbani. Ndani ya wiki moja alikuwa Dar es Salaam na mpira shingoni, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara.

Kadi yake ya bima ya utumishi ilibeba mzigo mkubwa, namshukuru Mungu. Lakini bima haimhamishi mtu nyumba. Alihamia Mbagala kwa binti wa mama yetu mkubwa, akaacha darasa, mume na watoto watatu, kilometa zaidi ya 500 nyuma yake. Ukitaka kumwona, unapanda basi alfajiri, unapita Lindi, Nangurukuru, daraja la Mkapa pale Rufiji, unamfikia jioni akiwa amelala, maana siku ya mashine mtu hurudi kama nguo iliyokamuliwa.

Tulikuwa na bahati moja, ya wakati. Miaka michache nyuma tungeambiwa habari ya kwenda India kupandikizwa. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Swali likawa: ndugu yupi?

Tulikutana kijijini kwetu, Tandahimba, chini ya mkorosho wa mama. Mimi ni karani wa chama cha msingi, kazi yangu ni mizani na risiti, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuandika majina. Mama yetu ana watoto watano. Kaka mkubwa, Dada, mimi, na mdogo wetu wa kike ni wa baba mmoja. Baba alipofariki, mama akaolewa tena, akampata wa mwisho, mvulana, ambaye leo ni mvuvi Msangamkuu, ng'ambo ya bandari. Sisi hatujawahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya Mdogo. Lakini siku ile baba yetu mdogo alikuwepo, akasema kwa nia njema kabisa, "Tuanze na wale wa baba mmoja mama mmoja, na mtoto wake. Huyu wa kuchangia mama abaki akiba."

Mjomba alimtazama muda mrefu. Kwa Wamakonde ukoo unafuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akasema tu, "Tumbo ni moja." Ila hakulazimisha. Nikaandika jina la Mdogo mwisho wa karatasi.

Kwanza wanapima kundi la damu, na hapo ndipo mimi nilipoondolewa. Dada ni O. Mtu wa O anaweza kumpa kila mtu, lakini yeye hupokea kwa O mwenzake tu. Mimi ni B. Mnaweza kutoka kwa baba mmoja na mama mmoja mkawa makundi tofauti, na sikuwa nimewahi kulipima langu. Muuguzi aliniambia kwa upole, akaongeza kwamba chanya na hasi ya damu haina kazi kwenye figo, ni hizo herufi tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa kukatwa. Nilikuwa nimeshaaga nyumbani. Kuna uchungu wa ajabu wa kuambiwa kwamba unachokitoa kwa moyo wote hakitumiki.

Shemeji alikuwa A, naye akatoka. Kaka mkubwa alikuwa O, lakini vipimo vyake vikaonyesha kisukari ambacho hakujua kama anacho. Mtoaji anachunguzwa kuliko mgonjwa: presha, sukari, mkojo, ini, moyo, picha ya mishipa ya figo zote mbili, kwa sababu yule aliye mzima hapaswi kugeuzwa mgonjwa wa kesho. Kaka alirudi nyumbani na dawa za sukari, na mpaka leo anasema ule ugonjwa wa Dada ulimwokoa yeye.

Wakabaki watatu, wote O: mpwa wangu, mdogo wetu wa kike, na Mdogo. Hao ndio waliotolewa damu ya kipimo cha tishu, kile wanachokiita HLA, cha kutazama alama ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mgeni.

Hapa lazima niende taratibu, maana ndipo sisi tulipopotea. Daktari alitueleza, lakini aliyetufanya tuelewe ni Dada mwenyewe. Jioni ya siku ambayo hakuwa na mashine, alitukalisha kitandani Mbagala, akavuta begi lake la nguo akatoa doti mbili za kanga. Akazikunjua, vipande vinne. Nyekundu na nyeusi akaviweka upande mmoja: "Hii doti ya Mama." Kijani na njano upande wa pili: "Hii doti ya Baba." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ile ya darasani.

"Kila mtu anavaa doti," akasema. "Kipande kimoja cha mama, kimoja cha baba. Mama hawezi kukupa vyote viwili. Anatoa kimoja, na hachagui." Akachukua nyekundu na kijani, akavitandika mapajani mwake. "Mimi hawa." Kisha akamtazama mdogo wetu wa kike. "Wewe unaweza kuwa umepata nyekundu na kijani kama mimi. Unaweza kupata kimoja tu kama changu. Na unaweza kupata nyeusi na njano, tukawa ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambao doti zetu hazigusani hata uzi."

Ndivyo ilivyo. Alama hizo za tishu zimeandikwa kwenye kromosomu namba 6, moja ya nyuzi zinazobeba urithi wetu, na kwa kawaida zinarithiwa kwa mkupuo, kipande kizima. Kwa hiyo kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kufanana kabisa ni moja katika nne, ya kufanana nusu ni mbili katika nne, na ya kutofanana kabisa ni moja katika nne. Mzazi na mtoto wao ni nusu daima, hawapungui na kwa kawaida hawazidi. Maabara wanaangalia zaidi aina tatu za alama, A, B na DR (si zile A na B za makundi ya damu), na kwa kuwa kila mtu ana mbili mbili, hesabu ni ya sita. Sura haimo. Mwanya wa meno haumo. Yule unayefanana naye kama pacha anaweza kuwa mgeni kwa kinga yako, na yule mnayeambiwa hamfanani akawa wako.

Majibu yalipotoka, mdogo wetu wa kike, ambaye ndiye aliyelala kitanda kimoja na Dada utoto wote, alikuwa na alama moja tu kati ya sita, nayo ya bahati. Nyeusi na njano. Mpwa wangu tatu kati ya sita, kama ilivyotarajiwa. Mdogo, yule wa kuchangia mama, naye tatu kati ya sita. Alikuwa amepewa na mama kipande kile kile alichopewa Dada.

Tatu kwa tatu, basi tukarudi kwenye karatasi yangu: mtoto kwanza. Kijana akaomba ruhusa chuoni.

Kulikuwa na kipimo kimoja bado. Madaktari wanakiita krosimechi. Wanachukua chembe nyeupe za damu ya mtoaji, wanazikutanisha na majimaji ya damu ya mgonjwa, na wanaangalia. Kama mwili wa mgonjwa una kingamwili zilizokwisha kuandaliwa dhidi ya alama za mtoaji, chembe zinashambuliwa na kufa humo humo kwenye kichupa. Ni vita ndogo inayofanywa nje ili isifanyike ndani ya tumbo la mtu. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki wa California walitoa hesabu ambayo ilifunga mjadala: katika watu 30 waliopandikizwa ilhali krosimechi ilikuwa chanya, figo 24 zilikufa mara moja.

Kijana alisoma karatasi kabla ya daktari kuisoma. Akaona neno chanya. Akampigia simu bibi yake Tandahimba, "Bibi, imekuja chanya!" Mama yetu akachinja kuku. Majirani wakaja. Kwetu neno chanya ni neno la heri, hakuna aliyewahi kutuambia kwamba siku moja litakuja na maana ya kufungiwa mlango. Niliyepewa kazi ya kupiga simu ya pili ni mimi. Nilimsikia mama akiwanyamazisha watu waliokuwa wakipiga vigelegele ili anisikie vizuri.

Dada alipoelezwa hakulia. Aliuliza swali moja, akimtazama daktari kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa. "Mwili wangu unamkataa mwanangu?"

Daktari alivuta kiti akakaa. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mwili wako umemkariri." Akaeleza kwamba mtoto tumboni amevaa nusu ya doti ya baba yake, na kipande hicho ni kigeni kwa mama. Wakati wa mimba, na zaidi wakati wa kujifungua, chembe kidogo za mtoto huingia kwenye damu ya mama. Kinga ya baadhi ya wanawake inaziona, inazisoma, na inatengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto mwenyewe anakuwa salama, kondo la nyuma limemkinga. Lakini kumbukumbu inabaki miaka na miaka. Si mama wote. Wapo wengi waliopewa figo na watoto waliowazaa na wako wazima. Kadiri mimba zinavyozidi, ndivyo uwezekano unavyozidi. Na damu ya kuongezewa nayo inafanya hivyo hivyo, kwa sababu ndani yake kuna chembe nyeupe za mtu mwingine.

Kisha akafungua faili. "Hapa imeandikwa mimba tatu, na kwamba hujawahi kuongezewa damu."

Mwandiko ulikuwa wangu.

Siku ya kujaza ile fomu Dada alikuwa ametoka kwenye mashine, hawezi kushika kalamu. Nilijaza mimi. Nilifika kwenye swali la mimba, nikahesabu watoto: watatu. Nikafika kwenye damu, nikaweka hapana, kwa kuwa sikukumbuka kusikia. Sikumuuliza. Nilimwonea huruma, nikataka amalizane na makaratasi alale. Ukweli, alioutoa siku ile mbele ya daktari kwa sauti ya chini, ni kwamba alishika mimba tano. Mbili ziliharibika, na hakuna aliyezijua isipokuwa mumewe. Na uzazi wa mwisho alipoteza damu nyingi akaongezewa chupa mbili. Mimi nilikuwa Tandahimba, msimu wa korosho, nikaambiwa tu kwamba amejifungua salama.

Fomu sahihi isingebadilisha jibu la kijana. Hilo daktari alinihakikishia. Lakini wangejua mapema, wangeanza kwa kupima kingamwili za Dada, wasingemtanguliza mtu ambaye walikuwa na sababu ya kumshuku. Tulipoteza zaidi ya miezi miwili. Miezi miwili ya mashine si kitu cha kusema kwa mdomo mwepesi. Kijana alikosa mtihani. Na alibeba kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote: alidhani ana kasoro. Alikaa siku tatu bila kuingia chumbani kwa mama yake.

Baadaye nilijifunza jambo lililonituliza kidogo. Elimu yenyewe ya kulinganisha tishu ilianzia kwa watu kama Dada. Mwaka 1958 Mfaransa Jean Dausset aliona kwamba damu ya wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi ina kitu kinachogandisha pamoja chembe nyeupe za watu wengine. Mwaka huo huo Jon van Rood kule Uholanzi na Rose Payne kule Marekani wakakikuta kitu hicho kwenye damu ya wanawake waliokwisha kushika mimba. Dausset alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1980. Kabla ya hapo, upandikizaji ule wa kwanza uliofanikiwa, wa Boston tarehe 23 Desemba 1954, uliwezekana kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa yai moja, doti ile ile kabisa. Waliofungua njia kwa sisi wengine, tusio na mapacha, ni kina mama waliozaa wakatoa damu yao ichunguzwe. Nilimsimulia Dada hivyo akiwa kwenye mashine. Akasema, "Basi angalau nimefaa somo." Nadhani ilimsaidia.

Likabaki jina la mwisho kwenye karatasi.

Mdogo alikuja Dar na ndoo ya samaki waliokaushwa, kwa kuwa hajui kumtembelea mtu mikono mitupu. Krosimechi yake ilikuwa hasi. Safari hii hatukumpigia mtu simu mpaka daktari aeleze mara mbili. Kipande ambacho Mdogo hakuchangia na Dada kilitoka kwa baba yake, mume wa pili wa mama, mtu ambaye mwili wa Dada haukuwahi kukutana na alama zake. Kwa hiyo haukuwa na cha kukumbuka. Kile tulichokihesabu kuwa upungufu wake, kwamba ana baba mwingine, ndicho kilichomfungulia mlango. Baba mdogo alipoelezwa alinyamaza, kisha akasafiri kwa basi mpaka Dar kumwona Mdogo kabla ya upasuaji. Sijui waliongea nini. Nilimkuta ameshika mkono wake.

Niliuliza kama tatu kati ya sita inatosha. Daktari akasema kwa dawa za siku hizi inatosha, na hata sifuri inaweza kupandikizwa mradi krosimechi ni safi. Kufanana zaidi kunaongeza uwezekano wa figo kudumu, lakini si kigezo cha kukataa. Nakumbuka tulivyoishi na ile namba kama ya mtihani wa taifa.

Mdogo aliitwa peke yake, bila sisi. Walimuuliza kama kuna anayemlazimisha, kama ameahidiwa fedha, kama anajua anaweza kubadili nia mpaka dakika ya mwisho na sisi tutaambiwa tu kwamba hafai. Waliwaambia pia yeye na Dada, kila mmoja kwa faragha, kwamba vipimo hivi vinaweza kufunua mambo ya uzazi ambayo watu hawakuyatarajia, na kwamba siri hizo haziwi mali ya familia. Kwetu halikuwa na uzito, ya mama yetu tuliyajua yote. Ila nilifikiria nyumba nyingine ninazozijua, nikaona hekima yake.

Kabla ya tarehe kupangwa tukapata pigo. Usiku mmoja Mbagala Dada alizimia. Binti wa mama mkubwa akamkimbiza hospitali ya karibu, damu imeshuka sana, wakamwongezea chupa moja. Hawakuuliza kama anasubiri figo, na yule binti hakujua kwamba ni jambo la kusema. Siwalaumu, damu ile ilimpitisha usiku. Lakini ilimaanisha kusubiri wiki kadhaa na kurudia vipimo, kwa kuwa damu ya mtu mpya ni alama mpya, na kinga huchukua muda kuonyesha imejifunza nini. Wiki zile sikulala. Krosimechi ya pili ikatoka hasi. Tangu siku hiyo tuliandika kwenye karatasi ngumu, tukaining'iniza mlangoni kwa kamba ya gunia la korosho: MGONJWA ANASUBIRI FIGO, ULIZENI KABLA YA KUONGEZA DAMU. Wanaosubiri hupewa sindano za kuchochea damu, na chupa ya damu inakuwa ya dharura ya kweli.

Upasuaji ulifanyika mwaka 2019. Figo za zamani haziondolewi; mpya inawekwa chini ya tumbo pembeni, ukiweka kiganja unaisikia. Niliruhusiwa kuchungulia jioni. Sikutazama uso wa Dada, nilitazama mfuko wa mkojo uliokuwa umening'inia chini ya kitanda. Alikuwa hajakojoa kwa miezi. Tone lilikuwa likitoka kwenye mpira, linafuatwa na jingine kabla halijafika chini, la rangi ya chai iliyochujwa sana, na mfuko ulikuwa umefika nusu. Muuguzi aliumwaga, akaandika kipimo, ukaanza kujaa tena. Nilikwenda wodi ya pili kwa Mdogo. Alifungua jicho moja. "Anakojoa?" "Anakojoa." Akalifumba.

Yeye alipona haraka, akakatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki kadhaa, wavuvi wenzake wakamvutia nyavu. Figo iliyobaki ilijiongezea kazi. Kila mwaka anapima presha na mkojo, nahakikisha.

Dada alirudi Mtwara, akarudi darasani. Dawa za kutuliza kinga anameza maisha yake yote: takrolimasi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mikofenoleti, na predinisoloni kidogo. Balungi hali, kwa kuwa linapandisha takrolimasi kwenye damu. Dawa ya mtu wa mitishamba, hata ikiletwa na mama mkwe, haipiti mlangoni. Saa inapofika simu yake inalia, hata akiwa ubaoni, na watoto wa darasa la nne wanamkumbusha, "Mwalimu, maji."

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Kusini pale Somanga. Mabasi yalilala njiani. Dawa za Dada zilikuwa kwenye moja ya mabasi hayo, zilizotumwa kutoka Dar kama kila mwezi. Akiba yake ilikuwa ya siku nne. Siku ya tatu alianza kuniuliza kama anaweza kumeza nusu, nikamwambia tumpigie daktari kwanza, daktari akakataa kabisa.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kazi Dar. Hakutuambia kitu. Alinunua dawa nyingine, akakopa nauli, akapanda ndege. Nilikuwa nimekaa na Dada kibarazani jioni ya siku ya nne bajaji iliposimama. Vidonge vya asubuhi ndivyo vilikuwa vya mwisho. Kijana alishuka na kifurushi kifuani, amekikumbatia kwa mikono miwili, akakohoa kile kikohozi chao kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akakipokea, akatazama saa ya simu. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. "Niletee maji, mwanangu," akasema, "ukae hapa mpaka ilie."